Upande wa Pili wa Karatasi

Ambakisye, na wenzako mnaofanya kazi katika ofisi za shule hapa wilayani,

Kabla hamjaanza kuucheka mwandiko huu, naomba radhi mapema. Mkono wangu umezoea kuzungusha mashine kuliko kushika kalamu, na herufi zangu zinaegemeana kama watu wanaoshuka Lufingo na mizigo kichwani, njia ikiwa na utelezi. Nikikosea neno, soma nilichokusudia. Mimi ni wa darasa la saba. Barua ya ukurasa mmoja hunichukua siku nzima, na hii nimeianza tulipopanda mahindi, sasa tunayavuna.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, Ambakisye, uliniuliza mbele za watu: "Mama Tumpe, hivi kabla ya fotokopi mlikuwa mnafanyaje?" Nikaona haya, nikajibu, "Tulikuwa tunahangaika." Watu wakacheka, wakarudi kwenye pilau. Jibu lenyewe ni hili.

Niliajiriwa kibarua shuleni nikiwa na miaka ishirini na kitu, wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Tukuyu yakaanza kujaa vitu. Mwaka mmoja sabuni ilikuwa ya kutafuta, mwaka uliofuata sabuni za kila rangi zilikuwa zinatutazama sisi. Karatasi nazo zilianza kupatikana, lakini walioonja uhaba hawakuamini. Mkuu wa shule alifungia rimu kabatini, na ufunguo aliufunga kwenye mkanda wake.

Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuchemsha chai na kubeba madaftari. Nilikuwa na haya kiasi kwamba mwalimu akiniuliza jina, niliiambia sakafu. Aliyenivuta kwenye mashine ni Mzee Anyosisye, mchapaji wa shule, mtu mfupi aliyevaa koti moja miaka yote niliyomjua. Siku ya kwanza hakunifundisha chochote. Alinipa kitambaa, akasema, "Futa wino kwenye hii mashine hadi ujue kila sehemu yake kwa vidole." Nilifuta wiki nzima. Nguo niliyovaa wiki ile haikutakata tena.

Kwenu nyinyi mnaobonyeza kitufe, nieleze. Kwanza unatoa utepe wa wino kwenye taipureta, ili herufi zitoboe karatasi laini ya nta tuliyoiita stensili. Ukikosea herufi unapaka dawa ya kufutia, unapuliza, unasubiri, unapiga tena. Halafu unavika stensili kwenye ngoma ya mashine ya kudurufu, unaweka karatasi, unazungusha mkono. Kila mzunguko, karatasi moja. Ndivyo ilivyokusudiwa na waliotengeneza mashine, ambao nadhani hawakuwahi kufika Rungwe. Hapa mvua hainyeshi kwa msimu, inaishi. Karatasi inakunywa unyevu, zinashikana mbili mbili, ya juu inapigwa chapa na ya chini inapita tupu. Kwa hiyo tulikuwa tunabeba rimu hadi jiko la shule na kuzikausha juu ya sinia karibu na moto, tukizigeuza kama chapati.

Mzee alikuwa na sharti moja tu. "Karatasi haitoki chumba hiki kabla hujaigeuza. Mbele na nyuma. Kila moja, mwanangu, si baadhi tu."

Sasa niseme habari ya maksi, maana ndiyo niliyokusudia. Somo la Kiingereza pale shuleni, maksi zake zilikuwa kama mawingu. Zilikuja, zilienda, hakuna aliyejua zimetoka wapi. Mwanafunzi alipata thelathini, mwenzake hamsini, na ukiuliza sababu unaambiwa, "Ongeza juhudi." Nilibeba madaftari hayo kutoka darasani hadi ofisini na kuyarudisha. Niliona sura za watoto wakiyafungua. Walitazama namba, wakafunga. Hakuna aliyesoma zaidi, kwa sababu hapakuwa na zaidi.

Ndipo akaja Mwalimu Kokusima, kutoka Bukoba. Mwembamba, mrefu, koti la mvua la bluu. Wiki ya kwanza alilalamika baridi, wiki ya pili akanunua sweta la mtumba, wiki ya tatu akaja chumba cha mashine na kurasa mbili alizoandika kwa mkono.

"Dada Tumpe, nataka kila mwanafunzi wa kidato cha pili apate hii. Mbele na nyuma."

Nilitazama. Kiingereza chote. Nikaitazama sakafu.

Alielewa. Akaketi juu ya boksi la wino akanieleza kwa Kiswahili, kana kwamba na mimi ni mwanafunzi. Upande wa mbele alikuwa ameandika anachotarajia kwenye insha: mawazo yapangwe, mifano itoke kwenye maisha ya mwanafunzi mwenyewe, na kila kitu kina maksi ngapi. Jumla themanini. Upande wa nyuma kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, kila insha ibanwe pamoja na rasimu yake, yaani ule mwandiko wa kwanza wa kufutafuta, na rasimu hiyo ina maksi ishirini. La pili, asiyeridhika na maksi zake aje ndani ya wiki moja, aseme sababu, na kazi itasomwa upya.

"Watakusumbua, Mwalimu," nikasema. Nadhani ndiyo ilikuwa sentensi yangu ya kwanza kwake.

"Nataka wanisumbue."

Nilipiga stensili zile mwenyewe, herufi kwa herufi, bila kujua neno. Darasa lilikuwa na wanafunzi arobaini. Mkuu akatoa karatasi hamsini, kumi za akiba. Mzee Anyosisye alikuwa amekwenda msibani Matwebe. Upande wa mbele ulitoka vizuri. Nilipokuwa nazungusha upande wa nyuma, mkuu akaita chai kwa sababu kuna mgeni kutoka wilayani. Nikaharakisha. Karatasi hazikuwa zimekauka sawasawa. Nilizisikia zikipita mbili mbili, maana mashine hubadilisha sauti, na nikajua kuna zilizotoka tupu nyuma. Nilipozitenga zilikuwa kumi, zimelegea kwa unyevu, mashine isingezipokea tena.

Kuomba karatasi nyingine kumi kwa mkuu, mbele ya mgeni, kulinishinda. Nikafanya hesabu ya mtu mwenye haya: wanafunzi arobaini, nzuri arobaini. Zile kumi nikaziweka chini kabisa ya furushi, nikijua darasa haliwezi kuzifikia. Nikapeleka chai.

Mambo yakaenda. Wiki ile ile waliongezeka wanafunzi tisa waliochelewa kuripoti, kila mmoja na sababu yake. Kiongozi wa darasa akawagawia zilizobaki chini ya furushi, na moja iliyozidi akairudisha chumba cha mashine. Mimi sikujua.

Miezi ikapita. Insha ya nusu mwaka ikaandikwa, Mwalimu Kokusima akasahihisha kwa wino mwekundu, na pembeni ya kila kosa aliandika sababu. Madaftari yakawa mazito kubeba, nilimwambia Mzee, naye akacheka. Wakati huo mkuu alikuwa ameweka utaratibu kwamba asiyefika arobaini kwa Kiingereza nusu mwaka, mzazi anaitwa. Walioitwa walikuwa wachache, na karibu wote walikuwa wale waliochelewa. Hakuna aliyeshangaa. Katika ofisi ya walimu nilisikia mmoja akisema, "Si nilisema? Mtu akianza kwa kuchelewa, ndiyo hivyo tena."

Mmoja wao alikuwa msichana wa Kisondela, Sekela. Alichelewa kuripoti kwa sababu mama yake alikuwa amelazwa. Alikuwa mkimya, na kwa kuwa mimi nami mkimya, tulisalimiana kwa nyusi tu.

Baba yake alikuja Jumanne, na mundu kiunoni kwa sababu alipitia shambani. Niliingia na sinia la chai. Mkuu alikuwa mezani, Mwalimu Kokusima dirishani, Sekela amesimama mikono nyuma.

"Thelathini na nne," baba akasema. "Mwalimu, mimi si mtu wa maneno mengi. Kama hawezi, hawezi. Shangazi yake ana meza ya mitumba Mbeya, anatafuta mtu wa kumsaidia. Ijumaa nakuja na kumchukua."

"Baba, ana akili huyu," Mwalimu akasema. "Insha yake ina mawazo. Sekela, kwa nini hukubana rasimu? Maksi ishirini nzima umeziacha. Imeandikwa kwenye karatasi yako."

Mtoto wa kwetu akiwa mbele ya baba yake habishani na mwalimu. Alichofanya Sekela ni kutoa karatasi yake kwenye daftari, akaiweka mezani. Ilikuwa imekunjwa vizuri, imefungwa kwa plastiki, kama cheti cha ubatizo. Mkuu hakuitazama. Mwalimu aliikunjua, akaitazama upande wa mbele, akatikisa kichwa, akamrudishia.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, nikimimina chai. Mwalimu alipoiinua ile karatasi, niliona nyuma yake. Nyeupe.

"Tumpe, kikombe kimejaa," mkuu akasema. Kilikuwa kimejaa zamani. Chai ilikuwa inaelekea kwenye mafaili.

Nikafuta meza, nikatoka. Mpaka leo nikiikumbuka siku ile, ninachokumbuka ni uzito wa sinia.

Nikaenda chumba cha mashine, nikafungua kabati la nakala zilizobaki. Kati ya zile kumi tupu, ilibaki moja. Tisa zilikuwa zimegawiwa. Nikamwonyesha Mzee Anyosisye. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hukuzigeuza."

"Niligeuza, Mzee. Niliziona."

Hilo lilimuumiza zaidi. Akaanza kufuta ngoma ya mashine ambayo ilikuwa safi.

"Nikisema, wataniondoa," nikasema. Siku zile kila mtu aliongea habari ya kupunguza wafanyakazi. Vibarua ndio walikuwa wa kwanza, na aliyeharibu kazi hakuhitaji kutafutiwa sababu nyingine.

"Huenda," akasema. "Mimi sitakusemea. Na sitakuficha. Ila Ijumaa haiko mbali, mwanangu."

Kusema nisingeweza. Najijua. Ningefika mlangoni kwa Mwalimu, ningeuliza kama anahitaji chai. Kwa hiyo nikaamua kuandika. Karatasi ya kufutafutia sikuwa nayo, isipokuwa ile ya kumi, yenye mgongo mweupe. Nikaandika hapo. Nilifuta, nikaandika, nikafuta. Jumatano yote, kila nilipopata nafasi kati ya kengele na kengele. Jioni nikainakili kwenye karatasi niliyochana katikati ya daftari la jikoni. Ilikuwa mistari kumi na moja. Asubuhi ya Alhamisi niliiweka juu ya meza ya Mwalimu, nikakimbilia jikoni kuhesabu kuni.

Aliniita kabla ya mapumziko. Alikuwa na barua yangu mkononi, na mkono mwingine kalamu nyekundu. Nilidhani ndiyo ya kuniandikia kufukuzwa.

"Hii umeandika mwenyewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Rasimu iko wapi?"

Sikuelewa kama ananitania. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, nikaitoa, imekunjwa mara nane. Akaifungua, akasoma mistari yangu yote ya kufutafuta, kisha akaigeuza. Upande wa mbele akakuta maneno yake mwenyewe ya Kiingereza. Akageuza tena. Akakaa chini.

"Kwa hiyo wale waliochelewa walipewa hii."

"Tisa, Mwalimu."

Alifoka. Msidhani hakufoka. Alisema watoto tisa wamedhaniwa wavivu miezi mitatu kwa sababu ya mtu mmoja aliyeogopa kuomba karatasi kumi. Kila neno lilikuwa kweli na nililipokea nikitazama sakafu. Alipomaliza akavuta pumzi, akasema jambo ambalo limekaa nami kuliko kufoka kote.

"Na mimi niliishika mkononi juzi, nikatazama upande mmoja. Nimejaza madaftari sababu za kila kosa, na hilo sikuuliza sababu yake." Kisha akaandika kitu kwa kalamu nyekundu chini ya barua yangu, akanirudishia. Kilisema hivi: *Mawazo yamepangika. Mfano umetoka kwenye maisha yako. Herufi tutazifanyia kazi.*

Alikwenda kwa mkuu yeye mwenyewe. Sijui walisema nini. Najua mlango ulifungwa kwa muda mrefu, na nilipopita nilisikia Mwalimu akisema, "Ukimwondoa huyu, utampata wapi mwingine atakayekuambia kosa lake kwa maandishi?" Sikuondolewa. Mkuu alininunia hadi Krismasi.

Darasani akawaita wale tisa, akawaeleza wazi na kuwaomba radhi. Kisha akasema hatagawa maksi za huruma. Mwenye rasimu ailete, asiye nayo ana siku tatu za kuandika upya. Sita walikuwa nazo. Sekela alikuwa nayo pia, lakini nyumbani, kwenye daftari kuukuu.

"Utakwenda naye," Mwalimu akaniambia. "Na baba yake utamweleza wewe. Mimi nikimweleza ataona walimu wanajitetea."

Tukaenda Kisondela kwa miguu, siku zile hapakuwa na bodaboda. Tope lilinivua kiatu mara mbili, na mara ya pili Sekela alicheka, ndipo nikajua ana sauti. Akaniambia insha yake ilihusu kuchuma chai, vile vidole vinavyojua jani lipi limekomaa kabla macho hayajaona. Nikamwambia vidole vyangu vinajua mashine hivyo hivyo. Tukaongea njia nzima, watu wawili ambao hawakuwa na sifa ya kuongea.

Baba yake alikuwa anakata mkungu nyuma ya nyumba.

"Ugonile, baba," nikamsalimu.

"Ndaga," akaitikia. "Kesho ndiyo siku, mbona mmewahi?"

Maneno yakagoma. Nilikuwa nimeyapanga tangu barabarani, yakagoma yote. Nikatoa karatasi mbili: ya Sekela, na nyingine nzuri niliyoazima kwa kiongozi wa darasa. Nikampa zote. Akafuta mikono kwenye jani la mgomba, akazishika. Hakujua Kiingereza. Mimi nami sikujua. Akazilinganisha mbele, zikafanana. Akazigeuza.

"Hii imeandikwa. Hii ni tupu."

"Ndiyo, baba."

"Ya mwanangu ndiyo tupu."

"Ndiyo, baba. Niliyeiacha tupu ni mimi. Hapo ndipo palipokuwa na ruhusa ya kuuliza, na maksi ishirini za rasimu, ambayo iko humu ndani kwenye daftari lake kuukuu."

Nilidhani atanifukuza, na mundu alikuwa nao. Akamgeukia Sekela, "Na wewe uliona ni tupu?"

"Nilijua ndivyo ilivyo, baba. Sikuwa nimeona nyingine."

"Kalete hilo daftari."

Alikuja nalo. Rasimu ilikuwa kurasa tatu, ya nne imechanwa kwa sababu mdogo wake aliwashia moto. Baba akapitisha kidole juu ya mistari iliyokatwa na kuandikwa upya. "Hizi zote ni za jambo moja?" akauliza. Sekela akasema ndiyo. "Kumbe unapalilia," akasema. Ijumaa hakuja na mzigo.

Mwalimu Kokusima aliisoma rasimu ile akaipa kumi na saba. Tatu alizikata kwa ukurasa uliowasha moto, na sababu akaiandika pembeni. Thelathini na nne na kumi na saba ni hamsini na moja. Wiki iliyofuata baba alikuja na mkungu wa ndizi, akauweka mlangoni pa chumba cha mashine.

"Hamsini na moja kati ya mia," akasema. "Sasa hiyo nusu nyingine imeliwa na nani?"

"Hiyo ni yake ya kutafuta, baba."

"Basi aitafute. Ndaga fijo, asante sana." Akaondoka. Mzee Anyosisye alizihesabu ndizi, akazigeuza kila moja mbele na nyuma, akinitazama. Ndiyo mzaha pekee niliowahi kumwona akifanya.

Tangu siku ile nimegeuza kila karatasi iliyopita mikononi mwangu. Mwalimu Kokusima alikaa nasi miaka kadhaa, na kila alipoleta maandiko alinieleza kwanza maana, kisha nikapiga stensili. Hivyo nilijifunza Kiingereza cha kusoma, kidogo kidogo, mtihani baada ya mtihani. Kuongea bado nakiongea na sakafu. Alipohamishwa aliniachia lile koti la bluu. Lilikuwa refu mno kwangu, nikalikata, na bado linafika chini.

Sekela alifaulu kidato cha pili, akaendelea. Miaka mingi baadaye, mashine ya kudurufu ikiwa imeshawekwa stoo na Mzee Anyosisye tumeshamzika, alikuja mwanamke ofisini kumwandikisha mwanawe kidato cha kwanza. Nilimpa fomu. Kabla hajasoma neno, aliigeuza, akatazama nyuma. Kisha akainua macho. Tukasalimiana kwa nyusi, halafu tukacheka mpaka mhasibu akatoka kuona kuna nini.

Ambakisye, fotokopi yako haishikani na unyevu kama mashine yetu, lakini nayo imewahi kutoa kurasa tupu, nimeona. Ukiiona ukurasa tupu, kaombe karatasi nyingine, hata kama kuna mgeni. Nyuma ya karatasi ile kuna mtoto anayedhani ndivyo ilivyo.

Hii mnayoisoma ni nakala safi, kadiri ya uwezo wangu. Rasimu yake nimeibana nyuma kwa pini, kurasa tisa, na mistari yake yote ya kufutafuta. Someni zote mbili, kisha mniandikie. Msinipe namba tu, pembeni andikeni na sababu. Nasoma polepole, lakini nasoma pande zote.